KUNDI HALINA DEREVA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba ndege wa rangi moja huruka pamoja, na sidhani kuna mwanafunzi hapa shuleni ambaye hajawahi kuiandika methali hiyo kwenye insha. Lakini wahenga hao hao walituachia swali. Hao ndege wanarukaje pamoja bila kugongana? Nani huwaamuru wakate kona, na kwa lugha gani, ilhali wako maelfu na hawana kipaza sauti?

Swali hili si la somo la Biolojia peke yake. Jibu lake, ambalo limepatikana kwa msaada wa tarakilishi, au kompyuta kama tuiitavyo mitaani, linagusa mlango wa bwalo letu, linagusa adhabu tunazopewa, na huenda siku moja likaokoa maisha ya mtu. Maoni yangu ni mawili nami nayatoa mapema, asije mtu akasema nazunguka mbuyu. Kwanza, tuache kumsaka "kiongozi wa vurugu" kila kundi linapokwenda mrama. Pili, chumba chetu cha kompyuta kitumiwe kuiga mwendo wa makundi, si kupiga chapa barua na kuchora majedwali tu.

Tuanzie hapa mtaani. Simama asubuhi kando ya Outering Road, upande wetu wa Umoja, uwatazame wale ambao bado hawataki kupanda daraja la miguu. Mmoja anafika ukingoni, anangoja. Wa pili anafika, anangoja. Wa tatu, wa nne. Mathree zinapita kama mshale na hakuna anayethubutu. Mara wamekuwa kumi na watano hivi, mmoja anatia mguu barabarani, na papo hapo wote wamevuka! Hakuna aliyehesabu "moja, mbili, tatu, twende." Hakuna aliyepiga filimbi. Ukimwuliza kila mmoja wao kwa nini alivuka wakati ule, atakujibu, "Si niliona wengine wanavuka?"

Au nenda soko la Mutindwa siku ambayo kanjo wameamua kuwatembelea wachuuzi. Mama anayeuza nyanya mwisho kabisa wa safu hajamwona askari hata mmoja. Amemwona jirani yake akikunja turubai, naye huyo jirani alimwona jirani yake. Kufumba na kufumbua safu nzima imekunjwa, na habari imekwenda kasi kuliko askari mwenyewe. Hivyo ndivyo kundi la ndege linavyokata kona angani. Kila mmoja anamtazama aliye karibu, basi.

Sasa tuje kwa kompyuta. Mwaka wa 1986 Mmarekani mmoja kwa jina Craig Reynolds, mtaalamu wa michoro ya kompyuta, alitaka kuchora kundi la ndege likiruka. Kumpangia kila ndege njia yake ni kazi ya kukesha: ndege mia, njia mia, na wasigongane hata mara moja. Reynolds hakumpangia ndege yeyote njia. Alimpa kila ndege amri tatu tu. Ya kwanza, usimkaribie mno jirani yako mkagongana. Ya pili, elekea wanakoelekea jirani zako, kwa mwendo kama wao. Ya tatu, usiachwe nyuma, sogea kuelekea katikati ya wale walio karibu nawe. Akawaita ndege wake wa kompyuta boidi, yaani viumbe mithili ya ndege. Mwaka uliofuata, 1987, akawaeleza wataalamu wenzake jambo hilo katika mkutano uliofanyika Marekani.

Huenda msomaji akauliza, ndani ya mashine kunatokea nini hasa? Hakuna uganga. Kila boidi ni tarakimu chache: yuko wapi, anaelekea wapi, ana kasi gani. Kompyuta inamwendea wa kwanza na kumwuliza, "Nani wako karibu nawe?" Inatafuta wastani wa mwelekeo wa hao majirani na wastani wa mahali walipo, kisha inamgeuza kidogo tu. Inamwendea wa pili, wa tatu, hadi wa mwisho. Halafu wote wanasogezwa hatua moja, na kazi inaanza upya, mara nyingi kwa sekunde. Hesabu yenyewe ni ile ya wastani na pembe tuliyofundishwa Kidato cha Kwanza na cha Pili. Hakuna mstari hata mmoja katika programu unaosema "fanyeni kundi" na hakuna boidi aliyeteuliwa kuwa kiranja. Hata hivyo, ukitazama kioo cha kompyuta, unaona kundi! Linapinda, linagawanyika likikuta nguzo, linaungana tena upande wa pili. Kundi limezaliwa kutokana na mambo madogo madogo ambayo hakuna lililolitaja kundi.

Watu wa sinema hawakulaza damu. Popo waliojaa katika filamu ya Batman Returns ya 1992 waliendeshwa kwa njia hiyo, na mwaka wa 1998 Reynolds alituzwa na wale wanaotoa Oscar kwa ajili ya kazi yake. Wale nyumbu wanaoporomoka bondeni katika The Lion King ya 1994 nao walitungiwa programu iwakimbize kwa mamia bila kupitana ndani kwa ndani. Wengi wetu tulilia kwa ajili ya Mufasa bila kujua kwamba tulikuwa tunatazama hesabu.

Mimi na wenzangu wawili tulijaribu jambo hili wenyewe muhula uliopita, saa za vyama, kwa kutumia programu iitwayo NetLogo. Ilitungwa na Uri Wilensky mwaka wa 1999, ni ya bure, na haihitaji mashine ya bei ghali. Ndani yake mna kundi lililokwisha kutayarishwa, na kuna vidhibiti vya kusogeza kwa kipanya. Mwanzoni ndege wametawanyika kila mmoja na lake, kama wanafunzi siku ya kufunga shule. Ukiwasha, wanaanza kupata majirani, vikundi vya watatu wanne vinakuwa vya kumi, na baada ya muda mfupi kioo kizima kimejaa makundi yanayoteleza. Kisha tulipunguza umbali ambao kila ndege anaweza kuona, mpaka karibu na sufuri. Kundi likavunjika. Tukaurudisha, likajiunda tena. Mwenzangu mmoja, ambaye Hisabati na yeye ni paka na panya, alikaa pale mpaka mlinzi akaja kufunga chumba. Hilo peke yake ni jambo la kuwafikirisha walimu wetu.

Kuna atakayesema, "Hayo ni ya Wazungu na filamu zao, sisi yatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Afrika yetu ndiyo makao ya kweleakwelea, ndege ambaye wataalamu humtaja kuwa mwenye idadi kubwa kuliko ndege wote wa porini duniani. Mmoja hula gramu kumi hivi za nafaka kwa siku, kitu kidogo. Lakini kundi la milioni moja hula tani kumi kwa siku! Wanapokula shambani, wale wa nyuma wanakuta nafaka imekwisha, wanaruka juu ya wenzao na kutua mbele, na hivyo kundi zima hubingirika kama gurudumu. Hakuna jemadari, ni tumbo la kila mmoja na jirani aliye mbele yake. Januari 2023, Serikali ilianzisha kampeni ya kuwanyunyizia dawa kweleakwelea wapatao milioni sita waliovamia mashamba ya mpunga upande wa Kisumu, na watu wa mazingira wakalalamika kwamba sumu ile haichagui, huua na ndege wengine. Anayejua jinsi kundi linavyojiunda na wapi litalala ana nafasi nzuri zaidi kuliko anayengoja kunyunyiza sumu.

Mfano unaonipendeza zaidi uko Mpala, kule Laikipia. Mwaka wa 2012 watafiti waliwavisha nyani wapatao 25 wa kundi moja mikanda ya shingoni yenye kupima mahali kila mmoja alipo kwa kila sekunde. Sote tungedhani kwamba lile dume kubwa lenye meno ndilo linaloamua njia. Wapi! Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2015 yalionyesha kwamba nyani hawakumfuata mkubwa kuliko wengine. Mmoja alijitenga kidogo upande fulani, akatazama kama atafuatwa. Akifuatwa, safari imeanza. Asipofuatwa, anarudi. Wawili wakijitenga kuelekea pande mbili zinazokaribiana, kundi hupita katikati. Pande zikiachana mno, kundi huchagua moja, na mara nyingi ni ile yenye watetezi wengi. Nyani, ambao sisi huwatumia kumtukana mtu, wana baraza bila mwenyekiti.

Lakini tusiabudu kompyuta. Uigaji si msahafu, na mfano wa kuonyesha hivyo unatoka papa hapa. Mwaka wa 2006 watafiti walitangaza kwamba nzige wachanga, wakiwa wachache, hutembea ovyo, ila wakizidi idadi fulani katika kila mita ya mraba, huanza kuandamana upande mmoja, sawa kabisa na programu ilivyotabiri. Dunia ikakubali. Kisha nzige wa jangwani wakaingia Kenya mwishoni mwa Desemba 2019, uvamizi mbaya kuliko wowote uliowahi kuonekana nchini kwa miaka sabini. Wataalamu wakaja kuwatazama uwanjani mwaka wa 2020, wakafanya na majaribio ya kuwazungushia nzige picha za nzige wenzao. Mwaka wa 2025 wakatangaza kwamba ile programu ya zamani haikuwa na ukweli wote: nzige hawajipangi tu kwa wastani wa mwelekeo wa majirani, wala msongamano pekee si sababu. Kila nzige anachagua wa kumwendea kwa anachokiona. Basi programu nzuri ni ile iliyopelekwa shambani ikapimwa. Kompyuta hukupa swali zuri, halafu inakubidi uende uangalie kwa macho.

Sasa nije kwa binadamu, maana hapo ndipo penye uchungu.

Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, siku ya mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards, watu saba walikufa katika msongamano. Tarehe 12 Aprili 2015, alfajiri, mtambo wa umeme ulilipuka karibu na bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Ilikuwa siku kumi tu baada ya shambulio la Garissa. Wanafunzi walidhani ni magaidi, wakakimbia, wengine wakaruka kutoka ghorofani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja walijeruhiwa. Gaidi hakuwapo. Februari 2020, watoto zaidi ya kumi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikufa kwenye ngazi wakati wa kwenda nyumbani. Na Machi 2001 kule Kyanguli, Machakos, bweni lilipoteketezwa kwa moto, mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Wavulana 67 hawakurudi kwao.

Mwaka wa 2000, Dirk Helbing wa Ujerumani na wenzake wawili wa Hungaria waliwaweka watu 200 wa kompyuta katika chumba chenye mlango mmoja na kuwaamuru watoke. Wakitembea polepole, walitoka vizuri. Walipoongezewa hamu ya kwenda kasi, walitoka kasi zaidi, mpaka kiwango fulani. Baada ya hapo, kadiri walivyotaka kuharakisha ndivyo walivyochelewa! Mlangoni mabega yalibanana yakafanya upinde kama jiwe la dirisha la msikiti, na hakuna aliyepita mpaka upinde ule uvunjike. Haraka haraka haina baraka: wahenga walisema, kompyuta imepiga hesabu na kuweka sahihi. Waliona pia jambo jingine. Chumba kikijaa moshi na kikiwa na milango miwili, watu wote wakifuata kundi, wanasongamana mlango mmoja na mwingine unabaki mtupu. Kila mtu akijitafutia peke yake, wengi wanapotea. Walionusurika zaidi ni wale waliochanganya, wakatafuta wenyewe huku wakiwaangalia wenzao.

Ndipo nakuja kwa bwalo letu. Muhula wa pili, Ijumaa moja ya mvua, kengele ya maankuli ilipolia, madarasa ya chini na ya juu yalishuka kwa pamoja, kila mtu akikwepa matone. Nilikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, kwa hiyo niliona yote kwa juu kama mwewe. Bwalo lina milango miwili. Wa nyuma hufungwa kwa mnyororo, ati kuna wanaochukua sahani na kurudi kupanga foleni mara ya pili. Mlango wa mbele ukapokea shule nzima. Wa nyuma walikuwa wananyeshewa, wakasukuma kidogo, kila mmoja kidogo tu, ule msukumo wa bega ambao hata wewe humpa mtu ndani ya matatu bila kuhesabu kuwa ni dhambi. Lakini misukumo midogo mia mbili ikijumlishwa mbele si midogo tena. Msichana wa Kidato cha Kwanza alianguka kizingitini na kuvunjika mkono. Wale wa nyuma hawakumwona, waliendelea kusukuma huku wakicheka.

Jumatatu uchunguzi ulifanywa, na wavulana watatu wakatumwa nyumbani majuma mawili kwa kosa la "kuchochea vurugu." Nasema kwa heshima na taadhima, kwa sababu najua walimu wetu walitaka haki kwa yule msichana: hao watatu hawakuchochea chochote. Niliwaona. Walikuwa katikati, na sababu ya kutajwa ni kwamba ni warefu na wana sauti nene. Ukiwatoa hao watatu ukarudisha mvua ile, kengele ile na mnyororo ule, mwingine angeanguka pale pale. Ushahidi ninao. Juma lililofuata, wakiwa wangali nyumbani, mvua ilinyesha tena. Hakuna aliyevunjika, shukrani kwa Mola, lakini kulikuwa na viatu vitatu vilivyobaki kizingitini.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza: "Binadamu si ndege, ana akili na dhamiri." Kweli kabisa. Lakini dhamiri hufanya kazi juu ya kile mtu anachokiona, na yule wa nyuma anaona mgongo wa mwenzake tu. Kumbuka ndege wa NetLogo tuliowapunguzia macho. Akili ya mtu ni kubwa, ila katika msongamano tunamwachia nafasi ya kuona ya kuku ndani ya tenga.

La pili, na hili ni zito: "Kama hakuna kiongozi, basi hakuna wa kulaumiwa. Unawatetea wakorofi!" La hasha. Kusema kundi halina dereva si kusema halina abiria. Kila mmoja wetu aliyesukuma kidogo alichangia kidogo. Tukimpata mmoja wa kubeba mzigo wote, sisi mia mbili tuliobaki tunakwenda nyumbani tukiwa wasafi kama pamba, na kesho tunasukuma tena. Adhabu ya wachache imekuwa sabuni ya wengi. Mimi naona lawama iliyogawanywa ni nzito kuliko iliyorundikwa, kwa sababu hakuna wa kuikwepa.

La tatu: "Lakini wachache huweza kuliongoza kundi." Hapo nakubali, na utafiti unakubali. Mwaka wa 2005 Iain Couzin na wenzake walionyesha kwa kompyuta kwamba wachache wanaojua njia wanaweza kuwapeleka wengi wasioijua, bila kutoa ishara na bila wengi kujua nani anajua. Na kadiri kundi linavyokuwa kubwa, ndivyo sehemu ya wajuzi inayohitajika inavyokuwa ndogo. Baadaye jambo hilo lilijaribiwa kwa watu halisi 200 waliotembea ukumbini wakiwa wamekatazwa kuongea. Kumi tu walioambiwa waelekee wapi walitosha kulivuta kundi lote. Sasa, tazama vizuri jambo hili linatupeleka wapi. Kama wachache wanaojua njia wanatosha, mbona viranja wetu hawajui njia? Waulize leo: moto ukizuka maabara, Kidato cha Pili watoke upande gani? Utajibiwa kwa kukunwa kichwa. Tunawafundisha viranja kuandika majina ya wapiga kelele. Tungewafundisha kutembea kwa utulivu kuelekea mlango wa pili, tungekuwa na wale kumi.

Kwa hiyo nayatoa mapendekezo yangu, na naomba yasomwe na walimu pamoja na wanafunzi wenzangu.

Mnyororo wa mlango wa nyuma uondolewe. Wanaokula mara mbili watashughulikiwa kwa orodha au kwa kadi. Sahani ya githeri haiwezi kulinganishwa na mkono wa mtu, sembuse uhai. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unataka milango ifunguke kwa nje, isifungwe watu wakiwa ndani. Si jambo la kuombewa harambee. Ni ufunguo tu.

Kengele ya chakula isilie kwa wote mara moja. Vidato viachane kwa dakika chache, wadogo wakitangulia.

Chama cha Kiswahili, Chama cha Hisabati na wale wa kompyuta tushirikiane. Sisi tutafute maneno, wao watafute hesabu. Tulichore bwalo letu ndani ya programu kwa vipimo vyake halisi, tuwajaze wanafunzi wa bandia, tuone mlango mmoja unachukua muda gani na miwili muda gani. Halafu, kama wale wa nzige, tusiiamini kompyuta bure. Tusimame mlangoni na saa, siku ya jua na siku ya mvua, tuhesabu wanaopita kwa dakika, tulinganishe. Matokeo yabandikwe ubaoni kila mtu ayaone, hata kama yatanisuta.

Na sisi wanafunzi, tusingoje mnyororo. Zile amri tatu za boidi ziko mikononi mwetu. Hakuna anayeweza kuibadilisha shule nzima kwa siku moja, lakini kila mmoja anaweza kuibadilisha nafasi iliyo kati yake na mgongo ulio mbele. Acha hatua moja. Ukisimama, wa nyuma yako atasimama, na wa nyuma yake pia, mpaka kule nyuma kusikoonekana. Habari ya kanjo hutembea hivyo hivyo kule Mutindwa, na utulivu nao unaweza kutembea.

Kuhusu wale wavulana watatu, walirudi, wakaandika barua za kuomba radhi, na majina yao yangali kwenye daftari la nidhamu. Naomba yafutwe. Yule msichana mkono wake umepona, ila huandika polepole, na kila kengele ya maankuli ikilia, yeye hungoja darasani mpaka foleni iishe. Chakula humfikia kimepoa. Mlango wa pili ungali umefungwa ninapoandika haya. Ufunguo uko ofisini, kwenye msumari, nyuma ya ratiba.